Misumari Miwili ya Katikati

Ukiingia sebuleni kwa Kulthum pale Mugutha, usitafute picha ya harusi ukutani. Picha ya harusi iko chumbani, nyuma ya mlango, na mumewe Ahmad alishasalimu amri zamani. Ukuta wa sebuleni ni wa marungu. Yapo yenye vichwa vinene kama ngumi ya mchinjaji, yapo membamba ya wazee wa vikao, na yapo yaliyochongwa kwenye fundo la mzizi, mti wenyewe ukiwa umeshafanya nusu ya kazi. Kila moja limening'inia kwa kichwa juu ya misumari miwili, na chini yake kuna kibao chenye jina. Si jina la kabila wala la mti. Ni jina la mtu aliyelishika.

Hiyo ni sheria yake, na Kulthum si mwanamke wa kuvunja sheria aliyoitunga mwenyewe. Za wengine huzitazama kwanza. "Rungu lisilo na mwenyewe ni kuni," huwaambia wageni, "na kuni mahali pake ni jikoni." Mgeni hucheka, halafu akiona mwenye nyumba hacheki, naye huacha.

Alikuwa na haki ya kujivuna, tusimnyime. Kutwa hupima mapazia katika duka lake mjini Thika, na kiganja chake kimezoea vipimo hata macho yakiwa kwingine. Mpe rungu, afumbe macho, alikamate mpini, naye atakuambia kama mwenyewe alikuwa mrefu au mfupi, alilitembelea au alilipigia, alikuwa na vidole vyote au kimoja kilibaki kwenye mashine. Mchuuzi mmoja, Githae, aliwahi kumletea rungu jeusi tii, akaapa kwamba lilikuwa la babu wa babu yake. Kulthum alilinusa mara moja tu.

"Githae," alimwambia, "hii ni rangi ya viatu, na hata hukungoja ikauke."

Githae alitoka dukani na mikono myeusi. Tangu siku hiyo, akipita pale hujifanya anaongea na simu.

Rungu la kwanza kabisa, mama wa ukuta wote, lilikaa pembeni karibu na dirisha. Lilikuwa la Babu Muzammil, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Thika. Mama yake Kulthum alifariki akimwacha mchanga, na waliomlea huko Majengo ni Babu huyo na Bibi Muna, Babu kwa mshahara wa ulinzi na Bibi kwa uji aliouza kwenye lango la kiwanda kabla jua halijachomoza. Kulthum alikumbuka yote vizuri. Babu akirudi asubuhi, mikono mitupu ikipepea, mkate kwapani. Babu siku ya Ijumaa, amekaa kwenye kigoda analipaka rungu mafuta ya nazi, taratibu, kama mtu anayemkanda mgonjwa.

Rungu hilo lilikuwa na ncha nyeusi ya kuungua, na chini ya kichwa, shingoni, palikuwa na mfuo uliozunguka. Wageni wakiuliza, Kulthum aliwajibu bila kusita. Ncha iliungulia kwenye jiko la makaa la walinzi. Mfuo ulitokana na pete ya mkanda wa mlinzi. Hilo hakuwahi kulikamata akiwa amefumba macho. Ya nini? Kitu ulichokikuta nyumbani kwenu hukichunguzi, na kibao chake alikiandika kabla ya vingine vyote.

Katikati ya ukuta, mahali ambapo jicho la mgeni hufikia kwanza, palikuwa na misumari miwili mitupu. Mahali hapo palitengwa kwa rungu la fisi la Gatuanyaga, na wasafishaji walikatazwa hata kutundika kalenda.

Huko Gatuanyaga, mashariki ya Thika ambako mvua huja ikipenda, hakuna asiyejua habari za Mzee Nzioki aliyemuua fisi kwa pigo moja mlangoni mwa zizi lake. Nzioki alikuwa marehemu sasa, na rungu lilibaki kwa mwanawe, Kaleli. Kila Kulthum alipotuma mtu kuliulizia, Kaleli alijibu hapana. Kulthum hakukasirika. Aliiacha misumari yake ikingoja, maana mvumilivu hula mbivu, na yeye hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ataila.

Na kweli, siku moja Kaleli alijileta mwenyewe dukani. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya mawe na mkewe alimtuma mapazia. Kulthum akiwa amenyoosha kitambaa mezani, Kaleli alikohoa kidogo. Alimwita kwa jina la mwanawe, kama wateja wake wengi.

"Mama Samir, ile rungu ya mzee, nimefikiria. Ile nyumba ya zamani tunabomoa. Na watoto wangu hawajali hizi vitu, wao ni simu tu. Afadhali ikae kwako, mahali watu wataona jina ya baba."

Kulthum aliendelea kupima pazia. Moyo ulikuwa unamruka, lakini uso haukuambiwa.

"Unataka nini?"

"Pesa hapana. Kwetu rungu haitoki kwa boma kama mbuzi haijaingia. Na kamba ya mbuzi inashikwa na ule mkono ulikuwa unashika rungu. Kama mwenyewe amekufa, kifungua mimba wake ndio anashika. Ukishaachilia kamba na yeye ameshika, imeisha. Hakuna kurudi."

"Dume ama jike?"

"Jike. Yenye itazaa."

"Jumamosi niko kwako," alisema Kulthum, na akakata pazia kwa makasi bila kuangalia alama, na lilikuwa sawasawa.

Jioni hiyo alitangaza. Jirani zake wa Mugutha walialikwa chai Jumapili alasiri kuja kuliona rungu la fisi. Shemeji zake wa Kahawa Sukari walialikwa pia, hata yule wifi aliyewahi kusema kwamba ukuta ule unafanana na kituo cha polisi. Huyo hasa alialikwa mara mbili.

"Yaani unatoa mbuzi mzima kwa kipande cha mti," Ahmad alisema.

"Mbuzi angeliwa kwa siku moja."

"Na huo mti mchwa wakiula?"

"Mchwa wa nyumba hii wananijua," alijibu Kulthum.

Jumamosi asubuhi walipita Thika na kushika barabara ya vumbi, Kulthum mbele kwenye pikapu, mbuzi nyuma amefungwa shingoni, na dereva wake, Mwas, akimtazama mbuzi kwenye kioo kila baada ya muda.

"Mathe, hii mbuzi iko na madharau," Mwas alisema. "Angalia venye inaniangalia."

"Endesha gari. Ni mbuzi wa heshima, anaenda kwenye shughuli."

Boma la Kaleli lilikuwa na nyumba mbili. Ile mpya ilikuwa ya mawe, yenye paa la mabati ya buluu, na madirishani mapazia ya Kulthum yalikuwa yamening'inia vizuri, jambo alilolitazama kabla ya salamu. Ya zamani ilikuwa ya udongo, imeegemea upande mmoja, na ilikuwa haijabomolewa kwa sababu moja tu: mama yake Kaleli, Syokau, alikataa kuhama jikoni mwake. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko hilo, bibi mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, anaambua mbaazi kwenye ungo.

"Habari ya hapa, mama," Kulthum alimsalimia, akainama kumpa mkono.

"Mzuri tu. Ndio wewe wa marungu?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Karibu," alisema Syokau, akarudi kwenye mbaazi zake.

Kaleli alimkaribisha ndani ya nyumba mpya. Juu ya meza alikuwa ameweka picha ya marehemu baba yake ndani ya fremu. Nzioki alikuwa pande la mtu, mabega yamejaa kwenye koti, mikono imetulia magotini mfano wa sepetu mbili. Kando ya picha palikuwa na kibao alichokitengenezesha Kaleli mwenyewe, mti mzuri uliopigwa vanishi: RUNGU LA MZEE NZIOKI ALIYEUA FISI. Halafu alileta rungu lenyewe, amelifunga kwa taulo safi, akaliweka mikononi mwa Kulthum kama mtu anayempa mtoto mchanga.

Lilikuwa la mutamaiyu, ule mti mgumu unaochosha panga. Kichwa kilichongwa kwenye fundo la mzizi, mviringo, kizito, cheusi kwa mafuta ya miaka. Mpini ulinyooka bila kosa. Kulthum alikuwa ameona marungu mengi, lakini hili lilimfanya ameze mate. Alilipenda papo hapo, kwa pupa, jinsi mtu anavyopenda kitu ambacho tayari amekiwekea mahali.

"Alimpiga mara moja tu," Kaleli alikuwa anasema. "Mimi nilikuwa mdogo sana. Lakini watu wazima wote wa hapa wanajua."

Kulthum alifumba macho, akakamata mpini.

Kiganja chake kilitulia. Kilitulia mno. Palipolika mti kwa kushikwa palikuwa pamemtosha yeye, kidole kwa kidole, na yeye hana mkono wa mwanamume. Kidole gumba kilikuwa na mahali pake, lakini upande wa pili. Alihamishia rungu mkono wa kushoto, na hapo likakaa kama kikombe kwenye sahani yake. Alifungua macho. Ncha ya mpini ilikuwa nyeusi ya kuungua. Shingoni, chini ya kichwa, palikuwa na mfuo mwembamba ambao haukukatwa kwa kisu, uliliwa na kamba. Na yale mafuta yaliyong'aa kichwani yaliishia pale pale kwenye mfuo. Mpini haukuwahi kuonja mafuta. Ulikuwa na jasho tu.

Alitazama picha ya Nzioki, akaitazama ile mikono. Mkono ule ungelizunguka mpini huu na vidole vikagongana.

Kisha akatazama nje, kupitia dirisha la pazia lake mwenyewe. Syokau alikuwa bado anaambua mbaazi. Alishika ganda kwa mkono wa kulia na kulipasua kwa gumba la kushoto.

"Vipi?" Kaleli aliuliza. "Si ni kali?"

"Ni kali," alisema Kulthum, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyozoea.

Tuseme ukweli, maana hapa ndipo alipopimwa. Alilitaka lile rungu. Aliwaza misumari yake, akawaza chai ya Jumapili na wifi yake wa Kahawa Sukari amefunga mdomo. Angenyamaza tu. Kaleli alikuwa radhi, kibao kilikuwa tayari, mbuzi alikuwa nje. Ni nani angemuuliza? Lakini kila mgeni angesimama mbele ya rungu lile na yeye angemwambia jina ambalo kiganja chake kimelikataa, na angelisema hivyo maisha yake yote, yeye aliyemfukuza Githae kwa rangi ya viatu. Alijisikia vibaya, na alichukia kujisikia vibaya, maana hakuwa na mazoea.

"Twende kwa kamba," alisema Kaleli, akalibeba rungu pamoja na kibao.

Walitoka uani. Mwas alimteremsha mbuzi. Kaleli alisimama katikati ya boma, rungu kwapani, akavua kofia, akanyoosha mkono wa kulia, mikono ya shati imeshushwa kwa heshima. Kulthum alishika kamba. Alipiga hatua hadi karibu naye, akamfikia, na kamba hakuiachilia.

"Kaleli, kamba hii si ya mkono huo."

"Si ya mkono gani?"

"Huo wako. Hata wa marehemu baba yako. Rungu hili lilishikwa na mwanamke, mwenye shoto, mkono wake unalingana na wangu. Na yuko hai."

Hapo Kulthum alikosea, si kwa aliyoyasema bali kwa mahali alipoyasemea. Mtu mwenye adabu angemwita mama pembeni kwanza. Lakini Kulthum alikuwa amezoea kusoma marungu mbele ya wageni, na ulimi ulimtangulia.

Uso wa Kaleli ulibadilika. "Mama Samir, nimekukaribisha kwangu na heshima. Unajua umesema nini? Kwetu mwanamke akishika rungu ya bwana yake akiwa hai, ni kama amemwombea kifo. Sasa umekuja hapa kwa boma ya baba yangu, mwaitu, mama yangu, amekaa pale anasikia, unasema hivyo."

Mbuzi alilia. Mwas alijishughulisha sana na gurudumu la pikapu. Kulthum alitaka kusema samahani, lakini kiganja chake kilikuwa na hakika, na mtu hawezi kuombea msamaha jambo ambalo bado analiamini.

Syokau aliweka ungo chini. Alijipangusa mikono kwa leso, akaja polepole mpaka walipo, akamtolea mwanawe rungu kwapani. Alilichukua kwa mkono wa kushoto, na vidole vikaenda mahali pake vyenyewe.

"Sikushika rungu ya bwana yangu," alisema. "Hii ni yangu. Nzioki alinichongea. Alipima mkono yangu na uzi."

Syokau alimgeukia mwanawe.

"Baba yako alikuwa kwa machimbo ya mawe, huko Thika. Alikuwa anakuja Jumamosi, anarudi Jumapili. Hizo siku zingine unafikiri ni nani alikuwa hapa? Ni mimi na wewe na mbuzi. Akanichongea hii ndio nisiguse yake. Nilikuwa nachochea moto nayo, nafukuza mbwa nayo, nalala nayo. Fisi ikakuja kwa mlango ya zizi, nikaipiga."

"Mara moja?" Kulthum aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Mara nyingi. Hiyo ya mara moja ni watu waliongeza." Syokau alimgeukia mwanawe tena. "Asubuhi majirani wakakuja. Nikafikiria, nyumba ikijulikana inalindwa na mwanamke, fisi ya miguu mbili itaanza kuja. Nikasema Nzioki alikuja usiku, akaua, akarudi kazi mapema. Jumamosi akirudi, akakuta ameua fisi."

"Na yeye akakubali?" Kaleli aliuliza, na swali lake lilikuwa la mtoto.

"Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua mafuta, akapaka hiyo kichwa. Kila Jumamosi tangu hiyo siku, mpaka akawa mgonjwa. Kichwa peke yake. Mpini alisema ni yangu, hawezi kushika."

Kulthum aliyakumbuka yale mafuta yaliyoishia shingoni, akafurahi na kuhuzunika kwa pamoja.

"Na hapa, mama?" alisema kwa sauti ya chini, akigusa mfuo. "Hapa kamba ilikula."

"Kamba ya mkonge. Nikienda mtoni mikono iko na mitungi. Nilikuwa naifunga kwa mgongo, hapa kando ya mtoto." Syokau alimwonyesha Kaleli kwa kidevu. "Wewe. Ukiota meno ulikuwa unalamba hiyo kichwa na mafuta yake yote. Nikikunyima unalia."

Kaleli alikuwa mtu mzima mwenye mvi na nyumba ya mawe, lakini alirudisha kofia kichwani, akaivua tena, kisha akaishika tu. Alikitazama kibao chake kilichopigwa vanishi, ambacho alikuwa amekuja nacho chini ya mkono.

"Sasa hii nitafanya nini?"

"Tundika," alisema Syokau. "Fisi hawajui kusoma."

Mwas ndiye aliyecheka kwanza, akainamia gurudumu. Kisha Kaleli alicheka pia, akifuta macho.

Bado kamba ilikuwa mkononi mwa Kulthum. Aliigeuza, akamwelekezea Syokau.

"Mama, hii ni yako. Ukiishika, naondoka na rungu, na jina lako litakaa katikati ya ukuta wangu. Usiposhika, linabaki."

Syokau alimtazama mbuzi, kwato hadi masikio, jinsi mtu anayejua mbuzi anavyomtazama. Ilionekana alimpenda. Kulthum alingoja, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakujua jibu litakuwa lipi.

"Ni mbuzi mzuri," Syokau alisema mwishowe. "Lakini mimi bado nalala kwa ile jikoni. Na bado naamka na hii."

"Sawa, mama."

Iliuma. Nisikudanganye, iliuma sana. Lakini Kulthum hakuwa mtu wa kulilia jambo aliloligeuza kwa mikono yake mwenyewe. Alimpeleka mbuzi hadi kwenye zizi akamfunga kwenye nguzo.

"Mama Samir, hapana," Kaleli alisema. "Rungu haijatoka, mbuzi haiwezi kuingia."

"Kuna mkono ulioshika kamba?"

"Hakuna."

"Basi si malipo. Ni mgeni wa mama. Rungu bila mbuzi wa kulinda litakaa bure."

Syokau hakusema asante. Aliingia jikoni, akatoka na mfuko wa mbaazi zilizokwisha kuambuliwa, akamtia Kulthum mkononi. Walipofika kwenye pikapu aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Huko kwa ukuta yako, ziko ngapi za wanawake?"

"Hakuna," Kulthum alijibu upesi, kama alivyowajibu wageni siku zote. "Wanawake hawakuwa wana..."

Hakuimalizia. Syokau akasema, "Haya," akarudi kwenye ungo wake.

Njiani Kulthum alipakata mfuko wa mbaazi. Mwas alimchungulia mara kadhaa, akadhani mathe analilia mbuzi wake, akaongeza redio. Walipopita Thika, pale barabara inapokaribia viwanda, Kulthum alitazama walinzi wakibadilishana zamu langoni. Aliyemaliza alivua koti la kazi, akamkabidhi mwenzake pamoja na rungu, akaondoka akiwa na chupa yake ya chai tu. Gari lilikuwa limeshapita, na Kulthum alikuwa bado amegeuza shingo.

Ahmad alikuwa sebuleni anapanga viti vya kesho.

"Mbuzi?"

"Nimemwacha."

"Rungu?"

"Limebaki kwao."

Ahmad alitazama mfuko. "Ulienda na mbuzi kuleta rungu, umerudi na mbaazi."

Siku nyingine angepata jibu lake hapo hapo. Kulthum alimpa mfuko, akaenda pembeni karibu na dirisha, akalishusha rungu la Babu Muzammil. Alisimama nalo katikati ya sebule, akafumba macho, akalikamata. Hilo alikuwa amelipangusa vumbi maisha yake yote na hakuwahi kulikamata hivyo. Nyani haoni kundule, ndiyo, na Kulthum alikuwa amekaa juu ya lake miaka mingi akiwasomea watu wa mbali.

Mpini ulijaa kiganja chake, hakuna palipopwaya. Ule ulikuwa mkono wa mwanamke. Ncha iliungulia motoni, lakini si kwenye jiko la makaa la walinzi. Iliungulia kwenye mafiga matatu, chini ya sufuria kubwa ya uji. Babu hangeweza kuja na rungu la kazi nyumbani, alilikabidhi langoni kila alfajiri, na ndiyo maana mikono yake ilipepea mitupu. Na saa anarudi, Bibi Muna alikuwa ameshatoka zamani, gizani, peke yake, kutoka Majengo hadi lango la kiwanda, mikono yote miwili imeshika sufuria ya uji. Kulthum alipitisha kidole kwenye mfuo wa shingo. Hapakuwahi kuwa na pete ya mkanda wowote. Kamba ilikula pale, na kamba hiyo ilikuwa imefunga vitu viwili mgongoni. Mtoto hangeachwa nyumbani na mtu, maana hakukuwa na mtu. Mtoto alikuwa yeye.

Alifungua macho, na hakuyafuta. Alienda katikati ya ukuta, akalitundika rungu kwenye misumari miwili mitupu. Likakaa vizuri kabisa, utadhani misumari ilipigwa kwa kipimo chake. Kile kibao cha pembeni alikibandua, akakigeuza upande usio na maandishi, akatafuta kalamu.

Ahmad alikuwa bado ameshika mbaazi. "Kulthum, hilo si la Babu?"

"La Bibi," alisema, akiandika. "Babu alikuwa akilipaka mafuta."